MIKESE: KIJIJI CHA MPAKANI MWA MILIMA NA STESHENI YAKE

Jioni moja, baada ya somo la kuandika barua, mama mmoja mwanakisomo alinyoosha mkono. Akasema: "Mwalimu, reli ya zamani walijenga babu zetu, na stesheni tukapata. Mbona hii treni ya umeme inatupita tu kama upepo?"

Darasa lilicheka. Halafu wote wakanyamaza, wakanitazama. Nikamwambia, "Mama, swali lako ni kubwa. Nipe muda, nitakujibu kwa maandishi, ili na wenzako wa vijiji vingine wasome."

Basi haya ndiyo majibu. Tutaizungumza Mikese, lakini wewe unayeishi Ngerengere, Kingolwira, Kimamba au kijiji kingine chochote chenye stesheni, soma nawe. Habari hii ni yako pia.

MIKESE IKO WAPI?

Ukitoka mjini Morogoro kwa barabara ya lami kwenda Dar es Salaam, unafika Mikese baada ya kiasi cha kilometa 30. Upande mmoja unaiona milima ya Uluguru. Milima hiyo ni mirefu. Kilele chake kirefu kuliko vyote kinaitwa Kimhandu, nacho kimepita meta 2,600 juu ya bahari. Upande wa pili nchi inateremka polepole kuelekea mto Ruvu na pwani.

Kwa hiyo Mikese iko mpakani. Siyo mpaka wa serikali wenye askari na kizuizi. Ni mpaka wa nchi ya juu na nchi ya chini. Hapo milima inakwisha na tambarare inaanza. Tena ni mpaka wa watu. Wakami ndio wenyeji wa sehemu hizo. Milimani wako Waluguru. Ukienda mashariki unawakuta Wakwere, na ukienda kusini unawakuta Wakutu.

Mahali pa mpakani huwa pana faida. Mtu wa mlimani ana ndizi na mboga. Mtu wa tambarare ana mahindi, mtama na ufuta. Wakikutana, wanabadilishana. Na msafiri atokaye mbali hupenda kupumzika mahali kama hapo, kwa sababu mito inayotoka milimani humpa maji.

KABLA YA RELI: NJIA YA MISAFARA

Watu wengine hudhani kwamba Mikese ilizaliwa na reli. Sivyo. Jina la Mikese lilikuwa limekwisha andikwa vitabuni zaidi ya miaka 30 kabla ya gari moshi la kwanza.

Zamani hizo njia kubwa ya kwenda bara ilianzia Bagamoyo. Ilipita katika nchi hii yetu, ikaenda Ugogo, Tabora, mpaka Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Misafara ya wapagazi ilipita humo. Walipokwenda bara walichukua vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Waliporudi pwani walichukua pembe za ndovu. Na misafara mingine ilipeleka watumwa. Hilo tusilisahau. Watu walifungwa minyororo wakapitishwa katika njia hii.

Mwaka 1871 mwandishi wa magazeti aitwaye Henry Morton Stanley alipita njia hiyo. Alikuwa anamtafuta Daktari Livingstone. Katika kitabu chake aliitaja Mikese kuwa moja ya vituo vya safari. Mbele kidogo ya Mikese alikutana na msafara wa Mwarabu mmoja, Salim bin Rashid, aliyekuwa anarudi kutoka bara na pembe za ndovu 300. Huyo ndiye aliyempa habari kwamba Livingstone alionekana Ujiji. Kwa hiyo habari iliyotafutwa na dunia nzima ilipatikana njiani, karibu na Mikese yetu.

Stanley aliandika pia kwamba kutoka Bagamoyo mpaka mji wa Simbamwene ni maili 119, yaani kiasi cha kilometa 190. Mji huo ulikuwa mahali ulipo mji wa Morogoro leo. Ulijengwa na Kisabengo, mtu mkubwa wa Kizigua, akauzungushia ukuta wa mawe. Stanley alipofika Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na binti yake ndiye aliyetawala. Misafara ilidaiwa hongo kabla ya kupita.

Je, safari hiyo ya kilometa 190 ilichukua siku ngapi? Ilichukua siku 29, kwa sababu ilikuwa masika na njia ilijaa tope. Ndugu msomaji, ishike hesabu hiyo. Tutairudia.

RELI INAKUJA

Wajerumani walipoitawala nchi yetu waliona kwamba kichwa cha mpagazi hakitoshi. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Tupige hesabu kidogo. Behewa moja la reli likichukua tani 10, hizo ni kilo 10,000. Ukigawa kwa 32 utapata zaidi ya 300. Maana yake behewa moja tu linachukua mzigo wa wapagazi 300. Na treni moja ina mabehewa mengi.

Kazi ya kujenga Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwezi wa Februari 1905. Mwishoni mwa mwaka 1907 reli ilifika Morogoro. Tabora ilifika mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake wote, toka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ni kiasi cha kilometa 1,250. Upana kati ya chuma na chuma ni meta moja kamili.

Kampuni ilikuwa ya Kijerumani, lakini waliochimba walikuwa Waafrika. Walichimba kwa sururu na majembe. Walibeba udongo kwa makarai. Walitandika mataruma na kuinua vyuma kwa mabega. Miaka hiyo hiyo, toka 1905 mpaka 1907, kusini mwa nchi wenzao walikuwa wanapigana Vita vya Maji Maji. Lazima tukumbuke kwamba reli haikujengwa ili kumsaidia mkulima wa Uluguru. Ilijengwa ili kuteremsha mali mpaka bandarini na kupandisha askari mpaka bara.

Kwa nini basi reli ilipita Mikese? Sababu yake ni milima yenyewe. Gurudumu la treni ni chuma, na njia yake ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Kwa hiyo treni haiwezi kupanda mlima mkali kama punda au kama mtu. Reli hutafuta mabonde. Wapimaji walipofika kwenye Uluguru hawakuweza kuivuka. Waliizunguka kwa upande wa kaskazini, wakafuata sehemu za bonde la mto Ngerengere. Ndiyo sababu reli inapita chini ya milima, kandokando, kama mtu anayezunguka nyumba kutafuta mlango.

KWA NINI STESHENI IKAWEKWA?

Sasa tumefika kwenye jambo muhimu. Nakuomba usome polepole.

Watu wengi hufikiri kwamba stesheni ndogo huwekwa kwa ajili ya watu wa kijiji. Kwa kweli zamani stesheni ndogo ziliwekwa kwanza kwa ajili ya treni yenyewe. Sababu kubwa zilikuwa mbili.

Sababu ya kwanza ni maji. Injini za zamani zilikuwa za mvuke. Zilichemsha maji kwa moto wa kuni au makaa. Mvuke ndio uliosukuma magurudumu. Injini ya namna hiyo ina kiu kama ng'ombe wa kiangazi. Kila baada ya mwendo fulani lazima isimame inywe.

Sababu ya pili ni kupishana. Reli ya Kati ni njia moja tu. Treni ya kwenda na treni ya kurudi zinatumia chuma hicho hicho. Zikikutana katikati ni ajali. Kwa hiyo kila mwendo fulani huwekwa mahali penye njia ya pembeni. Treni moja huingia pembeni ikangoja, na nyingine hupita. Ili jambo hilo lifanyike salama, anatakiwa mtu wa kuangalia. Mtu huyo ni steshenimasta. Dereva haruhusiwi kuendelea mbele mpaka apate idhini kwamba njia iko tupu.

Unaona basi? Steshenimasta akiwepo, lazima awe na nyumba. Wafanyakazi wa kutengeneza njia nao wawe na nyumba zao. Wakiwepo watu wenye mshahara, mama lishe anakuja. Muuza ndizi anakuja. Mwenye duka anakuja. Treni ikisimama dakika chache ikunywe maji, abiria wananunua. Hivyo ndivyo stesheni ya treni ilivyogeuka kuwa soko la kijiji. Soko lilikuwa faida iliyokuja baadaye. Halikuwa shabaha ya wenye reli.

VITA KUU NA WABEBA MIZIGO

Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza walianza kupigana. Vita yao ya Ulaya ililetwa mpaka kwetu. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Morogoro. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini kupitia milima ya Uluguru. Kabla ya kuondoka walivunja madaraja ya reli.

Reli ilipotengenezwa tena, Mikese ilipata kazi mpya ya huzuni. Ilikuwa mahali pa kuteremkia. Chakula, risasi na dawa vilikuja kwa treni toka Dar es Salaam mpaka Mikese. Kutoka hapo hapakuwa na reli tena. Njia ilizunguka milima kwa upande wa mashariki, ikaenda Tulo na Duthumi, mpaka mto Rufiji. Huo ni mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Mwezi wa Desemba 1916 hata askari wa Kiafrika kutoka Nigeria waliteremka Mikese na kuanza kutembea.

Mizigo ilipelekwaje? Farasi na nyumbu waliumwa na mbung'o wakafa. Magari yalizama kwenye tope. Mwishowe mzigo ukarudi pale pale ulipokuwa zamani, yaani kichwani pa mwanadamu. Maelfu ya watu walikamatwa vijijini wakafanywa wabeba mizigo wa jeshi. Walitoka kila upande wa Afrika Mashariki.

Mvua za mwanzo wa mwaka 1917 zilikuwa nyingi mno. Mito ilifurika. Njia ya kutoka Mikese ikawa bwawa. Askari waliokuwa Rufiji wakapata njaa, na wabeba mizigo wakapata njaa zaidi. Waliugua kuhara, malaria na vichomi. Wengi walikufa njiani, nao hawakuwekewa hata jiwe la kaburi.

Hesabu ya Waingereza wenyewe ilionyesha kwamba wabeba mizigo zaidi ya 40,000 walikufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Unajua jina la Kariakoo, lile soko la Dar es Salaam? Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wabeba mizigo, ambacho kilikuwa na kambi yake hapo. Kwa hiyo mtu anapotaja Kariakoo, anawataja watu wale bila kujua. Na wengi wao walianza safari yao ya mwisho Mikese.

MKONGE NA MANAMBA

Baada ya vita Waingereza waliitawala Tanganyika. Kando ya reli mashamba makubwa ya mkonge yaliendelea kufunguliwa. Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Marekani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, ikaongoza dunia.

Mkonge hupenda kukaa karibu na reli. Kwa nini? Kwa sababu jani la mkonge ni zito na karibu lote ni maji. Ukikata kilo 100 za majani, utapata kiasi cha kilo 4 tu za singa. Majani hayawezi kusafirishwa mbali. Lazima kiwanda kiwe shambani, halafu marobota ya singa yapelekwe bandarini. Reli ndiyo iliyofanya kazi hiyo.

Wafanyakazi wa mashamba hayo walitoka mbali. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Mtu asipomaliza kazi aliyopimiwa, siku yake haikuandikwa. Wengi hawakurudi kwao. Walioa, wakajenga. Ndiyo sababu leo katika vijiji vya kando ya reli unasikia majina ya makabila mengi, na wote wanasema Kiswahili. Reli ilileta mzigo wa ukoloni, lakini pia ilikusanya watu wakawa jirani.

Tena reli ilisafirisha maneno. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Mgomo huo ulienea bara kwa kufuata reli, ukafika Morogoro na kuendelea mbele. Stesheni zilikuwa redio ya watu wasio na redio.

MILIMA ILIPOGOMA

Tusiitazame reli tu tukaisahau milima. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona kwamba udongo wa Uluguru unaporomoka. Hilo lilikuwa kweli. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa amri. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Kazi ilikuwa ngumu, udongo mzuri ulifukiwa, na mazao hayakuongezeka. Watu hawakuulizwa. Mwezi wa Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo. Polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule ukavunjika.

Fundisho lake ni nini? Jambo jema likiletwa kwa kiboko huonekana baya. Lakini kuna fundisho la pili. Udongo wenyewe haukungoja siasa. Uliendelea kuteremka. Mito ya Uluguru, pamoja na Ngerengere, huingia mto Ruvu. Maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa watu wa Dar es Salaam. Mti ukikatwa mlimani, maji hayazami ardhini. Yanakimbia juu juu na kubeba udongo. Tumekwisha kuona nguvu ya maji. Mwaka 1872 mafuriko yaliubomoa ukuta wa mji wa Simbamwene. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko upande wa Kilosa yalisomba reli, na safari za treni zikakatika. Mwaka 2008 msitu wa Uluguru ulifanywa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Kuutunza ni kazi yetu sote, wa juu na wa chini.

STESHENI INAANZA KUNYAMAZA

Baada ya Uhuru reli yetu iliendelea kuwa chini ya shirika moja la Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikaunda Shirika lake la Reli. Mwaka 2007 reli ilikabidhiwa kwa kampuni iliyoendeshwa pamoja na Wahindi wa kutoka India. Mpango huo haukudumu, serikali ikairudisha mikononi mwake.

Katika miaka hiyo mambo matatu yalipunguza nguvu ya stesheni ndogo. Kwanza, injini za mvuke ziliondoka, zikaja za dizeli. Injini ya dizeli haihitaji kusimama kunywa maji. Pili, bei ya mkonge ilianguka kwa sababu dunia ilianza kutumia kamba za nailoni. Mashamba mengi yakageuka pori. Tatu, barabara ya lami. Basi na lori halina saa moja ya kuondoka. Linasimama popote mtu anaponyoosha mkono. Muuza ndizi aliyekuwa anangoja treni akahamia barabarani.

Hakuna aliyeiua stesheni kwa siku moja. Ilipoteza kazi zake moja baada ya nyingine.

TRENI YA UMEME

Mwezi wa Aprili 2017 kazi ya kujenga reli mpya toka Dar es Salaam mpaka Morogoro ilizinduliwa. Upana wa reli hii ni milimeta 1,435. Kwa hiyo ni pana kuliko ile ya zamani kwa karibu nusu ya meta. Treni yake inavutwa na umeme, na inaweza kwenda kilometa 160 kwa saa. Tarehe 14 Juni 2024 abiria walianza kusafiri toka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na mwezi wa Julai mwaka huo huo mpaka Dodoma.

Sasa ikumbuke ile hesabu yetu. Stanley alitoka Bagamoyo akafika hapa kwa siku 29. Leo mtu anatoka Dar es Salaam anafika Morogoro kabla ya saa mbili kwisha. Ni maendeleo makubwa, nasi tunajivunia.

Lakini stesheni za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Mikese haimo.

Mama yangu mwanakisomo, jibu la swali lako ni hili. Treni ya umeme haina kiu. Haihitaji maji ya Mikese. Wala haihitaji steshenimasta wa kila kijiji, maana inaongozwa kwa taa na mitambo kutoka mbali. Tena treni ya mwendo kasi ikisimama kila kijiji, haiwi ya mwendo kasi tena. Zamani treni ilisimama kwa haja yake. Leo inapita kwa haja yake. Mara zote mbili kijiji hakikuwa ndicho kilichohesabiwa kwanza.

Hilo ni jibu chungu kidogo, lakini ni la kweli. Na ukweli unatusaidia kujua la kufanya.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuitumie reli kwa akili. Stesheni ya Ngerengere iko upande mmoja na ya Morogoro upande mwingine. Abiria wanaoshuka huko wanakula matunda, mboga na viungo. Mkulima mmoja akienda peke yake na kapu lake, nauli itamla faida. Wakulima 20 wakiungana katika kikundi, wakakodi gari moja, wanaweza kuuza kwa bei nzuri. Kijiji kikitaka huduma, kama vile kituo cha mizigo au barabara nzuri ya kufika stesheni, kiandike barua kupitia mkutano mkuu wa kijiji na Serikali ya Kijiji. Kulalamika kijiweni hakuna muhuri. Barua yenye muhtasari wa mkutano ina nguvu.

Pili, tujilinde. Reli mpya si ya kuvukwa popote kama ile ya zamani. Treni yake inakuja haraka, na husikii mlio mpaka imefika. Nyaya zilizo juu yake zina umeme mkubwa unaoua hata kabla hujazigusa, ukizisogelea kwa mti mrefu au chuma. Tuvuke katika vivuko vilivyojengwa, juu au chini ya reli. Tusikate uzio ili ng'ombe wapite. Tuwafundishe watoto wetu hilo kabla ya kuwafundisha nyimbo.

Tatu, na hili ndilo langu kubwa, tuandike. Habari za Mikese za mwaka 1871 tunazijua kwa kuwa mgeni aliziandika. Habari za vita tunazijua kwa kuwa maofisa wageni waliziandika. Wapagazi, wabeba mizigo na manamba hawakuandika, kwa kuwa walinyimwa elimu. Majina yao yamepotea. Wewe leo una kalamu na unajua kuitumia. Huna udhuru.

Nenda kwa mzee wa kijiji chako. Mpe shikamoo, kaa naye, uulize. Babu yake alitoka wapi? Nani alikuwa steshenimasta alipokuwa mtoto? Mlima huu unaitwaje, na kwa nini? Mto huu ulikuwa na kina gani? Andika katika daftari, andika na tarehe. Mzee akisema mambo mawili yasiyopatana, yaandike yote mawili, halafu muulize na mzee mwingine. Daftari hilo likae katika ofisi ya kijiji au darasani, wajukuu walikute.

Stesheni inaweza kufungwa mlango. Lakini kijiji chenye historia yake iliyoandikwa na watu wake wenyewe, hakiwezi kupitwa kama upepo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Frasila: kipimo cha zamani cha uzito, kiasi cha kilo 16.
Hongo: zamani, malipo aliyotoa msafiri ili aruhusiwe kupita katika nchi ya mtawala.
Taruma: kipande cha mti, chuma au zege kinacholazwa chini ya reli ili kuishika.
Singa: nyuzi zinazotoka katika jani la mkonge.
Kipande: kadi ya kuhesabia siku za kazi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini reli iliizunguka milima ya Uluguru badala ya kuivuka?
2. Mpagazi mmoja alichukua kilo 32. Wapagazi wangapi wangehitajika kubeba tani 1?
3. Taja kazi mbili za stesheni ndogo wakati wa injini za mvuke. Kazi hizo zimekwenda wapi?
4. Matuta ya Uluguru yalishindwa kwa sababu gani? Kama ungekuwa kiongozi wakati ule, ungefanyaje?
5. Kijiji chenu kilianza lini, na kwa sababu gani? Kila mwanakisomo aandike ukurasa mmoja, ausome mbele ya wenzake wiki ijayo.